Zulia la Omurzak

Mimi ndiye niliyemfundisha Temirkul kushona. Watu wa Naryn, huku kwetu milimani, wakinisifu kwa jambo hilo huwa nageuza mazungumzo, nawauliza habari za ng'ombe wao.

Mwaka ule wa tisini na sita nilikuwa mjane wa miaka arobaini na saba. Kazi yangu ilikuwa ile ya mama na ya bibi, kutengeneza shirdak, yale mazulia ya sufu iliyoshindiliwa ambayo kwetu binti haolewi bila kufungashiwa. Daktari Alfiya akanifuata nyumbani. Alikuwa Mtatari, mwanamke mfupi wa sauti nene, na wagonjwa wake walikuwa wanaume waliorudi kutoka vita vya Afghanistan. Vita vyenyewe vilishakwisha. Nchi iliyowapeleka nayo ilishakufa, bendera zake watu wanafutia vioo vya magari. Wao tu ndio waliobaki, wanakunywa, wanapiga wake zao, wanaamka wakipiga mayowe.

"Dada Burulcha," akaniambia, "nina wanaume saba. Dawa sina, vitanda sina. Nataka uwafundishe shirdak."

Nikacheka mpaka chai ikanipalia. "Daktari, wanaume washone? Si wataniua?"

"Wameshaua vya kutosha," akasema, "na hakuna aliyepona kwa hilo."

Tukapewa banda alimokuwa anatibia mifugo daktari wa shamba la serikali, bado linanuka dawa ya kuogeshea kondoo. Siku ya kwanza wanawake waliokuwa wanachota maji bombani waliacha ndoo zao wakaja kuchungulia dirishani. Wakati huo Dootbek anaingia, anajikokota kwa mikono, maana miguu yake ilikuwa imeishia magotini. Alikuwa mtu wa maneno sana.

"Mabibi harusi tumefika, dada!" akasema. "Tukimaliza kushona utuoze. Mimi lakini unitafutie bwana mwenye mkokoteni."

Wale wanawake walicheka mpaka wakashikana. Mmoja akapiga kelele, "Wewe Dootbek, nani atakuoa na ulimi huo?"

"Mama yako alikuwa tayari, baba yako akakataa!"

Temirkul hakucheka. Alikaa karibu na jiko, mikono ameikalia. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, mrefu, mabega mapana, zamani dereva wa trekta. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Kikombe ukimmiminia, ummiminie nusu, la sivyo chai yote inaishia mapajani. Mkewe alikuwa amerudi kwao na mtoto. Yeye alikuwa anaishi kwa kaka yake, chumba cha nyuma, na shemeji yake alikuwa akimwekea chakula mlangoni kama anamwekea mbwa.

Nilianza nao tangu mwanzo. Wakapiga sufu kwa fimbo mpaka ikafumuka. Wakaitandaza juu ya mkeka wa matete, wakaimwagia maji ya moto, wakaikunja na kuiviringisha. Wenye miguu walikanyaga, Dootbek akajitupia juu ya kile kifurushi kwa kifua, akakisukuma huku anaimba nyimbo za matusi. Kukanyaga wanaume wetu wanajua, kila mtoto amekanyaga. Kilichowapa shida ni kukata na kushona, kazi ambayo mwanamume akikuonyesha anaijua utadhani amekuvulia nguo.

Shirdak inakatwa hivi. Unalaza sufu nyekundu juu ya nyeusi, unachora pambo kwa kipande cha sabuni, halafu unapitisha kisu kwenye zote mbili kwa mkupuo mmoja. Lililotoka kwenye nyekundu linaingia kwenye nyeusi, na la nyeusi kwenye nyekundu. Kisu kimoja kinazaa mazulia mawili na hakuna kinachotupwa. Ila ukikosea umekosea. Sufu iliyokatwa hairudi.

Temirkul nilimnyima kisu wiki tatu. Daktari Alfiya akaja, akanisemesha mbele yao. "Mpe."

"Atajikata vidole."

"Ni vidole vyake. Mpe."

Nikampa. Akakishika, akainama juu ya ile sufu, na mikono yake ikatulia. Ilitulia kabisa, kama mtu aliyeshikwa na wenzake wanne. Akakata pambo la pembe ya kondoo dume, mviringo wake wote, bila kunyanyua kisu. Hata mimi sikukata hivyo mwaka wangu wa kwanza. Dootbek akaacha kuimba. Temirkul alipokiweka kisu chini, mikono ikaanza tena.

Nilifurahi siku ile. Nilikwenda nyumbani nikamwambia jirani yangu kwamba Mungu amenipa mwanafunzi.

Na kweli walipata nafuu, nisiseme uongo. Kufika majira ya kuvuna nyasi, wawili waliacha pombe. Mmoja akarudiana na mkewe. Dootbek akajishonea mto wa kukalia, akaupamba kwa maua, akawa anauonyesha kila mtu: "Tazameni, makalio yangu yamepata cheo." Daktari Alfiya alikuwa na daftari lake, anaandika nani amelala saa ngapi, nani amepiga mayowe. Watu wa msaada kutoka nje walikuja wakapiga picha. Temirkul alikuwa bora kuliko wote. Alikata mapambo ya wenzake, akawa anashona mpaka vidole vinatoka damu. Lakini kwenye lile daftari, mstari wake ulibaki vilevile: halali.

Siku moja ya vuli akaniomba sufu nyekundu na nyeusi kwa ajili ya zulia lake mwenyewe. Nikampa. Akafanya kazi pembeni, mgongo ametugeuzia. Alipolitandaza nilione, sikuona pembe za kondoo hata moja.

Wanawake wa kwetu tunayasoma mazulia. Kila pambo lina jina lake, na jina lina maana. Temirkul alikuwa amekata maji yanayopita pembeni yote, mto. Katikati aliweka hirizi tatu, zile pembetatu tunazomkatia mtu tunayetaka Mungu amlinde. Lakini kila hirizi ilikuwa imepasuliwa katikati na ukucha wa kunguru. Katika maisha yangu sijawahi kuona mtu amepasua hirizi. Na kule pembeni kabisa, nyuma ya mapambo mengine, palikuwa na mkia wa mbwa mmoja, umejikunja.

"Huyu mbwa ni wa nani?" nikamuuliza.

"Ndiye aliyekuwa mlinzi, dada."

Ndipo akanieleza. Walikuwa vijana wanne kwenye kituo kidogo juu ya mto, kiangazi cha mwaka themanini na nne. Wawili walikuwa Warusi, wa tatu Omurzak wa kijiji cha Sary-Jylga, na yeye. Omurzak alikuwa anaumwa ini, macho yamekuwa ya njano kama kiini cha yai, na zamu ya adhuhuri ilikuwa yake. Temirkul akamwambia, lala ndugu yangu, nitakushikia. Jua lilikuwa kali. Akasogea nyuma ya magunia ya unga palipokuwa na kivuli, akaegemea. Alipofumbua macho, kimya. Wenzake watatu walikuwa wamechinjwa pale walipolala. Yeye hawakumwona, kwa sababu alikuwa amejificha jua.

"Afisa wetu akaja," akasema. "Alijua atafungwa kwa kuwaacha watoto wanne peke yao mahali kama pale. Akaandika kwamba walitushambulia watu arobaini. Kwamba Omurzak alipigana mpaka risasi ya mwisho. Mimi wakanipa medali. Nikatia sahihi."

"Na zulia hili?"

"La mama yake. Nataka kumpelekea. Nataka ajue."

Nilimpeleka kwa Daktari Alfiya. Alisikiliza, machozi yakamlengalenga, akamshika Temirkul mabega. "Hiki ndicho kinachokunyima usingizi," akasema. "Nenda. Mpe zulia, mwambie kwa mdomo wako. Ukishasema utalala." Halafu akanigeukia mimi. "Unaonaje, dada?"

Ningeweza kusema hapana. Nilikuwa nawajua akina mama waliopoteza watoto, kijijini kwetu tulikuwa nao wawili. Lakini lile zulia lilikuwa zuri, nami ndiye mwalimu wake, na nilitaka lionekane. Nikasema aende, na mimi nitamsindikiza.

Tulikwenda mwezi wa nne, barabara tope tupu, tumepanda lori la makaa ya mawe. Sary-Jylga ni kijiji cha nyumba kama sitini chini ya mlima. Cha kwanza kuona ni shule. Juu ya mlango, kwa herufi kubwa za buluu, limeandikwa jina la Omurzak na jina la baba yake. Mbele yake kuna sanamu ya saruji ya kijana mwenye kofia ya chuma, pua imemeguka. Temirkul aliitazama akasema, "Hafanani naye hata kidogo."

Mama yake aliitwa Kalyicha. Kibibi kidogo, kilemba cheupe, viatu vya mpira. Alipoambiwa huyu ndiye aliyekuwa na mwanawe, alimvuta Temirkul akamwinamisha, akamnusa shingoni na kwenye nywele, muda mrefu, kama mama anavyomnusa mtoto aliyetoka safari. Temirkul alisimama amefumba macho. Kabla hatujavua viatu, kondoo alikuwa ameshachinjwa uani, na majirani wameanza kuingia.

Mwalimu mkuu alikuja pia, mtu mnene, mchangamfu, kifua kimejaa kalamu. "Kesho asubuhi watoto wote watakusanyika uwanjani," akamwambia Temirkul. "Miaka kumi na miwili tunasimulia habari ya shujaa wetu kutoka kwenye karatasi. Leo Mungu ametuletea aliyeona kwa macho!"

Temirkul akanitazama mimi. Nami nikasema, maana mtu alipaswa kusema kitu, "Mama, tumekuletea zawadi. Ameishona mwenyewe."

Tukalitandaza katikati ya chumba.

Wanawake wakasogea. Ni jambo la kawaida, zulia likitandazwa wanawake wanasogea. Kalyicha akapiga magoti, akapitisha kiganja juu ya ule mto, akaja katikati, kiganja kikasimama kwenye hirizi ya kwanza. Kikaenda ya pili. Ya tatu. Kisha kikateleza polepole mpaka pembeni kwenye ule mkia wa mbwa, kikabaki hapo.

"Mbona hirizi zimekatwa?" akauliza jirani mmoja, mwanamke wa miaka yangu. "Hii mbaya hii. Nani anapasua hirizi?"

"Ndivyo wanavyofanya upande wa Naryn," Kalyicha akasema. "Siku hizi wanauzia wageni, wanatafuta mitindo mipya." Akaanza kulikunja. "Mkono mzuri. Ana mkono mzuri sana. Haya, nyama imeiva, nani atakata?"

Usiku ule sikumwona Kalyicha akilala wala sikumsikia akilia. Asubuhi majirani walipokuwa bado hawajaja, tulikaa watatu kwenye chai. Temirkul hakugusa mkate.

"Mama, nina neno," akasema.

"Kunywa chai kwanza."

"Mama, hawakuja watu arobaini."

"Najua," Kalyicha akasema, akaendelea kumimina. "Walituletea jeneza la bati limechomelewa, na askari wawili wa kulilinda lisifunguliwe. Mzee wangu akawanywesha araki mpaka wakaanguka, akaenda kuchukua mkasi wa mabati. Tukamfungua. Risasi hana. Ana hapa." Akapitisha kidole shingoni kama anayejifuta jasho. "Na uso wake ulikuwa wa mtu aliyelala. Tukamwosha, tukamfunga tena. Mzee wangu hakumaliza miaka miwili. Mimi nikawa najiuliza kitu kimoja tu, nani alikuwa zamu. Nilikuwa nasema, labda ni yeye. Labda mwanangu ndiye aliyelala akawaua wenzake, na kuna mama wawili huko Urusi wanamlaani."

"Si yeye, mama. Zamu ilikuwa yake, lakini alikuwa anaumwa, nikamwambia alale. Ni mimi."

Kalyicha akaweka birika chini. Akavuta pumzi, akaitoa. Nikaona mabega yake yanashuka.

"Basi hilo umenipa," akasema. "Asante."

Nami nikadhani yamekwisha. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono nimshike.

"Sasa nikwambie lako," akasema. "Umekuja kutua mzigo. Nilikuona tangu unashuka kwenye lori. Utautua wapi? Hapa? Mimi mgongo huo sina. Mwanangu hakuacha mke, hakuacha mtoto. Ameacha herufi za buluu juu ya mlango. Ukisema ulichokuja kusema, wataleta ngazi wazing'oe. Yule mwalimu mkuu anayekuchekea, ngazi ataishika yeye."

"Mama, nimekuambia wewe tu."

"Utamwambia na mwingine. Mtu akishaanza kutapika hachagui pa kutapikia. Kwa hiyo leo utasimama mbele ya wale watoto, useme ulivyomwona Omurzak wangu anapigana na watu arobaini. Useme vizuri. Useme mpaka na mimi nisadiki."

"Siwezi, mama."

"Kulala uliweza."

Sikuwahi kusikia mtu akisema neno kwa upole kiasi kile. Temirkul aliinamisha uso kama aliyepigwa. Nikajaribu kuingilia. "Mama Kalyicha, huyu ni mgonjwa, daktari wake amesema..."

"Dada yangu," akanikata, "wewe umekuja na zulia. Zulia limefika. Kula mkate."

Saa nne tulikuwa uwanjani. Watoto wapatao mia, wamepangwa mistari, wengine wamevaa viatu vya kaka zao. Kalyicha amekaa kwenye kiti mbele. Temirkul akasimama karibu na ile sanamu. Mwalimu mkuu akapiga makofi kumtia moyo. Basi akaanza. Akasema palikuwa na mto. Akasema palikuwa na magunia ya unga. Akasema jua lilikuwa kali, na hapo akanyamaza, nikadhani sasa anasema kweli. Kalyicha alikuwa amemkazia macho.

"Ndipo tukawaona wanashuka kilimani," Temirkul akasema.

Mtoto mmoja wa kike, mwenye tepe nyeupe kwenye nywele, akanyoosha mkono. "Alipiga risasi ngapi?"

"Zote."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Temirkul akageuka kuitazama ile sanamu.

"Alikuwa pembeni yake," Kalyicha akasema kutoka kitini. "Akimjazia bunduki."

"Ndiyo," Temirkul akasema. "Nilikuwa namjazia bunduki."

Watoto wakapiga makofi. Nilitazama mikono yake. Ilikuwa imening'inia ubavuni, imetulia tuli.

Tuliporudi, lori lilikuwa na magunia matupu, akalala juu yake. Alilala kutoka Sary-Jylga mpaka mjini, mwendo wa saa sita, hata gurudumu liliponasa kwenye tope wanaume wakashuka kusukuma, hakuamka. Daktari Alfiya alipomwona amelala alinikumbatia. "Umeona, dada? Umeona? Amesema, na amelala!" Nikamweleza alichosema na mbele ya nani. Akasema, "Lakini mama amejua. Na Temirkul analala. Mimi ni daktari, dada, si kadhi." Akaandika kwenye daftari lake.

Habari za Temirkul zikawa mfano. Watu wa msaada waliandikiwa, wakaleta kamera tena. Zulia lenyewe Kalyicha alilipeleka shuleni, likatundikwa ukutani chini ya picha ya Omurzak. Nilisikia walimu wanawaeleza watoto kwamba zile hirizi tatu ni milima mitatu aliyoitetea, na ule mkia wa mbwa ni moshi wa bunduki. Hakuna mwanamke mmoja wa kijiji kizima aliyebisha, na kila mmoja wao anajua mkia wa mbwa ukoje.

Daktari Alfiya akataka wengine nao washone mazulia ya marehemu wao. Dootbek alikataa.

"Mimi nilichopoteza ni miguu," akasema. "Nimpelekee nani zulia, mama wa miguu?"

"Lakini Temirkul amepona," nikamwambia. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Labda nilitaka anikatalie.

"Temirkul hajapona, dada. Amehama."

Dootbek alikufa baada ya miaka minne, kwa pombe, kwenye theluji, ule mto wake wa maua ukiwa chini yake. Msaada ulikatika, banda likafungwa, Daktari Alfiya akahamia Kazan kwa binti yake. Temirkul akaendelea. Akawa fundi mkubwa, anakata pembe za kondoo safi, wageni wananunua. Mikono haikutetemeka tena. Akaoa mjane mmoja mpole, wakapata mtoto wa kiume, na jina mnaweza kulikisia. Kila mwezi wa pili, siku ya kukumbuka wanajeshi wale, alikuwa anakwenda Sary-Jylga, anasimama mbele ya watoto. Kiangazi anakwenda kumkatia Kalyicha nyasi za ng'ombe, anamzibia paa, anamletea makaa. Kalyicha alikuwa anamwita mwanangu. Mara moja nilikwenda naye, nikawasikia jikoni wanacheka kama mama na mtoto wowote, nikatoka nje nikakaa na mbwa.

Kalyicha alifariki miaka kumi na tatu baada ya safari ile ya kwanza. Nilikwenda maziko. Walikuwa wamesimamisha hema la sufu uani, yeye yumo ndani, na nje, mahali pa watoto wa kiume wa marehemu, Temirkul amesimama ameegemea fimbo, mshipi kiunoni, analia kwa sauti kama mila inavyotaka: mama yangu, mlima wangu, umeniacha na nani. Watu waliokuja kutoa pole walimkumbatia yeye kwanza.

Palipopatikana nafasi nilimvuta kando, nyuma ya lundo la kuni. Nilikuwa na neno nililomwekea miaka yote.

"Sasa amekwenda," nikamwambia. "Hakuna anayekufunga mdomo tena. Ukitaka kusema, nitasimama na wewe."

"Kusema nini, dada?"

"Ya siku ile. Ya adhuhuri."

Akanitazama. Nywele zilikuwa zimeshaingia mvi, uso umenawiri, uso wa mtu anayelala vizuri. Nilitafuta machoni mwake kama ananificha kitu. Sikuona.

"Adhuhuri walikuja wengi, dada," akasema. "Nawaona hata sasa. Wanashuka kilimani, safu kwa safu, jua linawaka kwenye visu vyao."

"Temirkul. Na Omurzak?"

"Anapiga." Akatabasamu, machozi yakiwa bado mashavuni. "Anapiga vizuri sana."

Wanaume wakaita kwamba jeneza linatoka. Akajifuta uso kwa mkono wa koti, akaenda akashika mbele, upande wa kulia. Sisi wanawake hatuendi makaburini. Tukabaki uani tunaosha masufuria.